Kibomba Kilichomo Begini Mwako

Walthamstow
Jumamosi, Agosti 2009

Zawadi,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: umetoka hapa saa tisa umevaa jaketi langu la jinzi bila kuomba, umekwenda kuagana na wenzako kabla ya safari ya kesho, na umesema utarudi saa mbili. Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Nina muda wa kutosha kuandika, ila utulivu sina.

Mama mwingine angekuandikia kuhusu chandarua, vidonge vya malaria na maji ya kuchemsha. Hayo Bibi yako atakusomea mlangoni kabla hujavua viatu, na utamsikiliza yeye kuliko utakavyonisikiliza mimi. Mimi naandika kwa sababu nimekiona.

Nilifungua begi lako kubwa saa kumi. Sikuwa napekua. Najua sentensi hiyo ikitoka kwangu haina thamani, lakini nilikuwa natia dawa ya macho ya Bibi na zile soksi za kubana miguu alizoniagiza. Kilikuwa juu kabisa, ndani ya soksi yako nyeusi, nusu ndani nusu nje: kile kibomba cha chuma, ukubwa wa tochi ya mfukoni, na mdomo wake wa kioo.

Nikakitoa. Nikakitia kwenye mfuko wa aproni, nikashuka nacho jikoni, nikasimama mbele ya pipa la taka na mguu juu ya kanyagio. Kisha nikapanda ngazi nikakirudisha ndani ya soksi, nusu nje, kama ulivyokiacha. Nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya pili nilifika hadi uani, kwenye pipa kubwa la manispaa, na jirani akanisalimia, nikamsalimia nikiwa nimeshika mfuko kama mwizi wa mayai.

Wewe tukibishana hupenda kusema Mama haelewi. Naelewa. Ulinieleza mwenyewe miaka miwili iliyopita, hapa hapa mezani, kwa uvumilivu ambao sikuustahili. Majani husagwa, hujazwa kwenye kile kishimo, gesi ya kiberiti hupasha chuma bila moto kugusa majani, na baada ya dakika moja unavuta mvuke. Hakuna kinachoungua. "Sivuti moshi, Mama, napasha tu," ulisema, kama mtu anayezungumzia maandazi ya jana.

Lakini mvuke ule ukipoa huganda. Nimekifungua leo, nimekiona. Umekiosha kwa spiriti, chuma kinang'aa, kioo kinang'aa, na kwenye kile kiwavu cha ndani umebaki ukoko wa kahawia ambao hata sindano haiubandui. Hapa London, serikali iliishusha bangi daraja, ikaipandisha tena mwaka huu, na hata hivyo polisi akikukuta na kiwavu kichafu huenda akakuhubiria na kukuacha uende. Kule hawatakuhubiria. Unamkumbuka Shabani, fundi baiskeli wa mkabala na kwa Bibi? Wewe ndiye uliyenisimulia: msokoto mmoja mfukoni, na mama yake akawa anabeba chakula kwenda mahabusu kila mchana, kwenye lile sufuria lenye mfuniko uliofungwa kwa kitambaa. Ulinisimulia ukilia. Na kesho usiku unashuka Dar na kitu hiki kwenye begi lenye jina lako.

Mama wa mwaka 2007 angekuwa amekwisha kukitupa. Huyo ndiye ninayetaka kukueleza habari zake, kwa sababu hukuwahi kuambiwa zote, na mimi ndiye niliyezificha.

Nilikwambia nilikugundua kwa kunusa. Nilijigamba kwamba pua ya mama haidanganyiki. Uongo mtupu. Pua yangu ilidanganyika miezi minne. Kila Jumamosi ilishuka harufu ya bisi kutoka chumbani kwako, nami nikipaza sauti kutoka chini, "Zawadi, tuletee na sisi," nawe ukijibu zimekwisha. Nilikuwa nashangaa tu bisi zinakaangwaje bila jiko.

Kilichonifumbua macho ni chai.

Unajua Bibi hututumia viungo vya chai kwa kila msafiri, na siku zote huvitia kwenye chupa za kahawa zilizokwisha. Rafu yetu imejaa chupa za kahawa ambazo hazina kahawa. Wewe ukayatia yale majani yaliyokwisha kupashwa, makavu, ya kahawia, kwenye chupa ya namna ileile, nyuma ya rafu ileile. Mtoto mwingine angeficha chini ya godoro. Wewe ulificha mahali ambapo mwanamke wa Tanga hupeleka mkono akiwa amefumba macho.

Siku ile nilikuwa na mkutano wa jumuiya yetu ya Waswahili wa hapa London. Mwenyekiti, Mzee Kombo wa Mombasa, alitaka kufuta darasa la Kiswahili la watoto na mahali pake kuweka mashindano ya vipaji. Nilikuwa na karatasi sita za kumjibu. Nikachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, nikatia vijiko vitatu vya kile nilichodhani ni mchaichai wa Bibi, nikaacha ichemke mpaka ikapanda. Ilikuwa na ladha ya nyasi. Nikamsikitikia Bibi moyoni, nikasema anazeeka, hajui tena kuchanganya. Nikanywa vikombe viwili ili nisimtupie vitu vyake.

Ilinichukua nikiwa nimesimama mbele ya ukumbi. Nilifungua karatasi ya kwanza nikaliona neno "Ndugu", nikashindwa kulipita. Lilikuwa limekaa vizuri mno. Mzee Kombo, ambaye mimi na yeye hatujawahi kukubaliana hata juu ya saa ya ukutani, akaniambia, "Haya Mama Zawadi, tupige basi, tumejiandaa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikasema mwenyekiti ana haki, nikakaa.

Mama Furaha, yule jirani yetu wa Bukavu, alinishika kipaji cha uso kuona kama nina homa. Kura ikapigwa, darasa likafutwa, na mpaka leo halijarudi. Watoto wale sasa wanajibiwa kwa Kiingereza na wazazi wao wenyewe, na kila nikiwasikia kwenye basi najua mimi ndiye niliyeketi.

Nyumbani nilidhani ni kiharusi. Kazini kwangu nawaona wazee waliopigwa nacho, najua dalili. Nilijitazama kwenye kioo kama mdomo umepinda. Niliinua mikono yote miwili. Nilitaja tarehe kwa sauti. Kisha nikalala kwenye zulia la sebuleni, na hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: niliona raha. Kwa muda wa saa tatu hivi sikuwa na ugomvi na mtu. Baba yako na mke wake wa Birmingham, mwenye nyumba, ubalozi, Mzee Kombo, wote walitoka kichwani wakafunga mlango polepole. Nilisikia friji inavyonguruma nikaona ni sauti ya upole. Na iliponitoka niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani, kwa sababu tangu ujana wangu watu wamenijua kwa ukali wangu, nami nimejijua kwa huo huo, na sikumtambua yule mwanamke wa kwenye zulia.

Nikaamka, nikanusa chupa, nikapanda chumbani kwako.

Ningekwambia siku ileile. Ningesema, Zawadi, nimekunywa bangi yako kwa maziwa na tangawizi nikamkubalia Kombo. Ungecheka mpaka ukae chini. Ningekupigia kelele, na kelele zingekuwa za haki, na mpaka Jumatatu yangekuwa yamekwisha. Lakini ningelazimika kukwambia na hilo la zulia. Badala yake nilichukua kalamu.

"Moshi Usioonekana" iliandikwa kwa usiku mmoja, na uniruhusu niseme kwa uchungu kwamba ilikuwa makala nzuri. Sentensi zilikimbia. Nilisema kimezaliwa kizazi kinachovuta bila moshi ili wazazi wasione. Nilisema kifaa kile ni uongo uliotengenezwa kiwandani. Nilimwita "binti mmoja". Binti mmoja wa Walthamstow, mwaka wa pili chuoni, mama yake mhudumu katika nyumba ya wazee. Wako wangapi? Jarida letu la jumuiya lilikuwa kurasa nane za fotokopi na kwa kawaida hata waliolichapa hawakulisoma, lakini toleo lile lilifika Leicester. Watu walinipigia simu kunipongeza. Nilikuwa nimekugeuza hoja, na hoja ilishinda, na wewe ulikuwa juu chumbani huli.

Nakumbuka uliposhuka na jarida mkononi. Hukupiga kelele. Uliniuliza kama nimetoka kuchunguza kabla ya kuandika, kwa sababu katika aya ya tatu nimesema kifaa kina betri, nacho hakina. Hicho ndicho ulichochagua kuniuliza. Nilikasirika sana, kwa sababu ulikuwa umejibu kama ambavyo ningejibu mimi.

Kisha wakaja wageni. Unazijua desturi zetu. Hatuna namna ya kumtembelea mtu mwenye mtoto anayevuta, kwa hiyo tukatumia ile tuliyo nayo, ya msiba. Walivua viatu mlangoni. Walileta pilau, sambusa, kreti la soda. Walisema pole. Walikaa sebuleni wakizungumza kwa sauti ya chini, wewe ukipita kwenda jikoni kuchukua maji wote wakitazama miguu yao. Nilijiona nakula pilau ya matanga ya mtu aliye hai. Nami nikala, Zawadi. Nikapakua mara ya pili.

Mama Furaha ndiye aliyesema kile ambacho wote walikuwa nacho mdomoni. "Mama Zawadi, ile mutoto umurudishe kwenu. Akule bugali ya nkambo yake, atanyooka tu." Nkambo kwao ni bibi. Hakuwa na ubaya, wa kwake wawili alikuwa amekwisha kuwapeleka. Kila familia kati yetu ina mtoto wa namna hiyo, aliyekwenda likizo ya wiki tatu akabaki miaka mitatu. Tunaita kunyooshwa. Mimi, niliyewahi kuandika kurasa mbili nzima kuwashambulia wazazi wanaofanya hivyo, nikakata tiketi mbili: ya kwangu ya kwenda na kurudi, ya kwako ya kwenda tu.

Nilikwambia Bibi anaumwa sana. Alikuwa mzima, alikuwa analima. Pale Heathrow, kwenye foleni, uliniuliza kama tiketi yako ina kurudi. Ulikuwa na miaka ishirini, ulikuwa na haki ya kuishika mwenyewe, lakini pasipoti zote mbili na tiketi zote mbili zilikuwa kwenye mkoba wangu, kama ulipokuwa na miaka sita. Nikakutazama machoni nikasema ndiyo. Siku nyingi nimejaribu kuukumbuka uso wangu ulikuwaje nilipokuwa nasema neno lile. Wewe uliuona. Mimi siwezi kuuona.

Siku ya nne, Muheza kwa Bibi, niliondoka na basi la alfajiri. Nilisema nakwenda Dar kuwaona jamaa, narudi Jumapili. Pasipoti yako niliifunga kwenye pindo la kanga. Ulinisindikiza mpaka barabarani, ukanibebea mfuko wa machungwa. Ulinisaidia kupanda.

Nilikupigia simu kutoka hapa London. Ukasema, kwa Kiingereza, lugha unayoitumia unapotaka nisiweze kukukatiza, kwamba kwanza nilikuandika halafu nikakutuma kama mzigo. Ukakata.

Miezi saba. Mwaka wa chuo ukapotea. Nilijiambia unanyooka. Nikawaambia watu unanyooka. Mpaka Bibi aliponipigia, yeye ambaye simu huiona kama moto na huishika mbali na sikio. Alisema, "Mimi nilizaa watoto, sikuajiriwa uaskari jela. Mtoto huyu anachota maji, anapika, ananisomea barua zangu, hajanikosea neno. Kila basi la Dar likipita anainua kichwa. Njoo umchukue. Na pasipoti yake uje nayo mkononi, niione, isiwe kwenye mkoba."

Nikaja nayo mkononi. Niliishika hivyo kutoka uwanja wa ndege mpaka Muheza, ikalowa jasho. Bibi aliipokea yeye, akakukabidhi wewe, mimi nikiwa nimesimama uani kama mleta mzigo. Hajanisema tena juu ya jambo lile, na ningeona nafuu kama angenisema.

Ulirudi, ukarudia mwaka, ukamaliza, na mwezi uliopita nilipiga makofi mpaka viganja vikauma ulipoitwa jina kwenye mahafali. Lakini katika mwaka na nusu huu umekuwa mpangaji mzuri sana katika nyumba yangu. Unaosha vyombo. Unasema asante. Ninakuzungumzia Kiswahili, unanijibu Kiingereza, tena cha heshima, kama cha watu wa benki. Uliponiambia umepata kazi kwenye maabara ya maji Tanga na utakuwa unalala kwa Bibi mwisho wa juma, nilitaka kuuliza unawezaje kupapenda mahali nilipokufungia. Sikuuliza. Nadhani jibu ni kwamba Bibi hakuwahi kukufungia.

Kuna mara moja tu uliyonipa nafasi, mwaka jana, na nikaiharibu. Kazini kuna mwenzangu mmoja ambaye dada yake ana ugonjwa wa misuli na hutumia kifaa kama chako, na huyo dada hulala usiku kwa sababu yake. Nikashikilia hadithi hiyo kama kamba. Nikaja nikakuuliza, Zawadi, labda una maumivu, labda hulali, niambie, nitaelewa. Ulinitazama kwa huruma. "Hapana, Mama. Siumwi. Napenda tu, Jumamosi, nikimaliza kazi zangu." Nikatoka nimekasirika, kwa sababu ulininyima udhuru ambao ningewapelekea watu. Ungeweza kunidanganya, na ningekubeba begani kote Walthamstow kama shujaa mgonjwa. Hukutaka. Katika nyumba hii mimi ndiye niliyedanganya, juu ya pua yangu, juu ya Bibi, juu ya tiketi, na wewe mvuta bangi ndiye uliyesema kweli kila ulipoulizwa.

Usidhani nimebadilika. Bado naichukia. Naichukia ikiwa moshi na naichukia ikiwa mvuke, na anayeniambia mvuke hauna madhara nitamuuliza anajuaje, na nitaendelea kumuuliza mpaka achoke. Wanaoitetea wananichosha na wanaoipinga huku wamelewa harusini wananichosha zaidi. Sikuombi radhi kwa msimamo wangu. Nakuomba radhi kwa makala, kwa pilau, kwa neno "ndiyo" pale kwenye foleni. Hayo ni madeni mengine kabisa na nilikawia miaka miwili kuyatenganisha, kwa sababu nilidhani nikikubali kwamba nilikukosea utadhani nimekubali kwamba nilishindwa.

Nakwambia pia hili, kwa sababu umeurithi mdomo wangu na nakuona unavyoufurahia. Nimeshinda mabishano mengi. Nimewanyamazisha wachungaji, madiwani, na mwanamume mmoja niliyempenda. Hao wote sijui leo wanakula na nani.

Sasa turudi begini. Nimekaa hapa nikijiuliza kwa nini kilikuwa juu, nusu nje. Wewe si mtu wa kusahau. Wewe hupanga soksi kwa rangi. Nimewaza labda umekiacha makusudi uone kama nitakichukua, na nikikichukua uondoke kesho ukiwa na uhakika kwamba mimi ni yuleyule. Nimewaza pia kwamba huenda unajidanganya tu, kama watu wote wa miaka ishirini na miwili, kwamba kilichooshwa ni kisafi. Sijui ni lipi. Nikikitupa kwa siri, umeokoka jela na umenipoteza. Nikinyamaza, naweza kukupoteza kwa njia ile nyingine, ile ya sufuria na kitambaa. Nimejaribu kuandika hoja, ninazo nne, zote nzuri. Nimezifuta

Nasikia ufunguo mlangoni.

*

Ni saa tatu kasoro robo. Uko juu, nasikia hatua zako. Naandika yaliyotokea, ingawa ulikuwepo, kwa sababu wewe uliona nje yangu tu.

Uliingia ukanikuta na karatasi. Ukauliza, kwa Kiingereza, safari hii makala ni ya nani. Ulikuwa unatania, lakini si sana. Nilikuwa nimezikumbuka hoja zangu zote nne, zilijipanga mdomoni zenyewe kama askari. Nikasema, "Nimekiona. Kimo begini. Sijakichukua."

Ulisimama na mkono kwenye kifungo cha jaketi. Ukasema kimeoshwa, hakina kitu, ni chuma tu. Nikasema kiwavu hakijaosheka. Ukashusha pumzi, ukavuta kiti, ukakaa kama mtu anayengoja daktari wa meno.

"Haya, Mama. Anza."

Na sikuanza. Mungu anajua nilivyotaka. Nikasema, "Naogopa, Zawadi. Basi."

Ulingoja iliyobaki. Uliponiona sina nyingine, ukauliza, kwa Kiswahili, na usidhani sikusikia kwamba ni kwa Kiswahili, "Mbona hukukichukua?"

"Nimekichukua mara mbili," nikasema. "Jirani alinikuta uani."

Ukacheka kidogo, puani. Kisha ukanyanyuka ukapanda ngazi, hukusema utafanya nini.

Nilikaa. Nikasikia kabati, droo, begi likiburutwa sakafuni. Dakika kumi hivi. Ukaniita, "Mama, njoo ukalie begi, halifungi."

Nikaja, nikalikalia. Nimekuwa mnene tangu mwaka ule, begi likatii. Wewe ulipiga magoti ukavuta zipu kuanzia kona ya nyuma, na mimi nimekaa juu ya nguo zako, vitabu vyako na dawa ya Bibi, nikijua kwamba nikisogea upande wa kushoto kidogo tu nitahisi kama pana kitu kigumu ndani ya soksi au hapana. Sikusogea. Zipu ilikwama mara moja, ukairudisha, ikapita. Ukainua macho ukanitazama. Ulikuwa unangoja niulize. Nilikuona, na wewe uliniona nimeona. Nikainuka, nikasema begi ni zito, watakulipisha. Ukasema hawatanilipisha.

Kwa hiyo nafunga barua hii bila kujua.

Nitakupa kesho tukiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi, mahali ambapo huwezi kutoka nje ya chumba. Soma yote, hata ya chai; ya chai unaweza kucheka. Kutoka hapa mpaka Heathrow ni zaidi ya saa nzima. Stesheni hazina mapipa ya taka, waliyaondoa kwa kuogopa mabomu, kwa hiyo usifikirie pipa. Mimi nitakaa kando yako, mkoba wangu umefunguliwa magotini. Hamna pasipoti ya mtu ndani yake, hamna tiketi, nitakuwa nimetoa vyote. Una nafasi ya kutia kitu au kutotia. Ukikitia, nitarudi nacho mpaka Walthamstow kwa treni hiyohiyo, na polisi akinisimamisha atamkuta nacho mwandishi wa "Moshi Usioonekana", na wataandika wanavyotaka.

Sitakitazama kitu chochote unachofanya. Nitasoma matangazo yaliyobandikwa juu ya madirisha, moja moja, mpaka tufike.

Mama yako